Mchezo Uliolipiwa na Umma, Usiochezwa na Mtu

Wapo watu wazima wengi katika visiwa vyetu ambao, wakiambiwa kwamba mchezo mmoja wa video umetengenezwa kwa dola milioni 300 za Kimarekani, watadhani mpiga chapa ameongeza sifuri mbili kwa bahati mbaya. Hatuwalaumu. Sisi tuliokulia barazani tunaujua mchezo kuwa ni bao la mti na kete zake za komwe, wawili wanacheza na kumi wanatoa maneno. Seremala akishalipwa ujira wake gharama imekwisha, na bao lenyewe litachezwa hadi na wajukuu. Lakini hesabu tuliyoitaja haina kosa la chapa. Mwezi Desemba 2023 wezi wa mitandao waliiba na kutoa hadharani nyaraka za studio ya Kimarekani iitwayo Insomniac, ambayo ni mali ya kampuni ya Sony. Katika nyaraka hizo ilionekana kwamba mchezo wa Marvel's Spider-Man 2, uliotoka Oktoba mwaka huohuo, ulikuwa na bajeti ya karibu dola milioni 300. Ule uliotangulia, wa mwaka 2018, ulikuwa umegharimu kiasi cha theluthi moja tu ya fedha hizo.

Hatuyaandiki haya kwa udadisi mtupu. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua mpango wa kuzivutia kampuni za teknolojia, uliopewa jina la Silicon Zanzibar. Nia hiyo ni njema, na sisi hatuna neno nayo. Hata hivyo, Serikali inayofungua mlango wa namna hiyo haina budi kutazamia kwamba siku moja atabisha hodi mtu mwenye picha za kuvutia na ahadi ya ajira mia kadhaa, naye hataomba ardhi wala msamaha wa kodi, bali ataomba dhamana ya Serikali kwa mkopo wa kutengenezea mchezo mkubwa. Hatusemi kwamba mtu huyo amekwisha fika kwetu. Tunasema kwamba alipata kufika kwingine, kwa serikali ndogo yenye haja kubwa ya ajira, na yaliyofuata yamo katika kumbukumbu za mahakama. Rai yetu tunaitoa mapema ili msomaji asibabaike: ombi la dhamana ya namna hiyo likija, likataliwe, na kama kuna fedha za umma za kutumiwa katika sanaa hii, zitumiwe kwa njia nyingine ambayo tutaieleza.

Kwanza yafaa ieleweke fedha hizo huenda wapi. Mchezo wa video hauna chuma wala saruji, wala hauhitaji bandari. Takriban gharama yake yote ni watu: wachoraji, waandishi wa programu, watunzi wa muziki, waigizaji wa sauti, wajaribuji na wasimamizi, pamoja na pango la ofisi na bima zao. Kwa miaka mingi watengenezaji wa Marekani wamekuwa wakipiga hesabu ya haraka kwa kukadiria dola 10,000 kwa kila mtu kwa kila mwezi, mshahara na gharama nyingine zote zikiwa humo. Siku hizi, katika miji yenye maisha ya ghali, kiasi hicho hakitoshi. Basi mwenye kutaka kujua bei ya mchezo hana haja ya siri za kampuni. Achukue idadi ya watu, aizidishe kwa miezi, kisha aizidishe kwa elfu kumi.

Hesabu hii inaweza kupimwa. Mwezi Juni 2023, katika mahakama ya San Francisco, chombo cha Serikali ya Marekani kinachosimamia ushindani wa biashara kilikuwa kikipinga Microsoft kuinunua kampuni ya Activision Blizzard. Sony nao waliwasilisha waraka wao, na karani fulani akazifuta takwimu za siri kwa kalamu ya wino mweusi. Waraka ulipopigwa picha, wino ukaonyesha kila kitu kilichokuwa chini yake. (Makarani wa masjala zetu wasicheke sana.) Ikasomeka kwamba mchezo wa Horizon Forbidden West ulichukua miaka mitano, ukifanyiwa kazi na zaidi ya watu 300 ulipokuwa katika kilele chake, na uligharimu dola milioni 212. Chukua watu 300 kwa miezi 60 kwa dola elfu kumi, nawe utapata milioni 180. Mwanafunzi wa skuli ya msingi angekaribia jawabu bila ya kuiba waraka wa mtu. Mchezo mwingine uliotajwa humo, The Last of Us Part II wa mwaka 2020, uligharimu milioni 220.

Na kwa nini watu wawe wengi kiasi hicho? Kwa sababu kila mashine mpya ya kuchezea inaweza kuonyesha zaidi kuliko iliyotangulia, na kila kinachoonyeshwa hapana budi kichorwe na mtu. Zamani mti ulikuwa mistari michache ya kijani. Leo mchezaji anataka aone jani likitikiswa na upepo, na unyevu ukutani mvua inapokatika. Mashine imekuwa na nguvu maradufu, lakini mkono wa mchoraji ungali mkono uleule. Halmashauri ya Uingereza inayosimamia ushindani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, ilieleza ilivyoambiwa na wachapishaji wenyewe: michezo mikubwa ambayo miaka michache nyuma ilikuwa ikitengewa dola milioni 50 hadi 150, sasa ilikuwa ikitengewa milioni 200 au zaidi kwa ajili ya kutoka mwaka 2024 na 2025. Mmoja katika mfululizo wa Call of Duty, ule wa mwaka 2020 uitwao Black Ops Cold War, ulimeza zaidi ya dola milioni 700 katika maisha yake yote, kwa mujibu wa maelezo yaliyopelekwa mahakamani huko California. Wakati huohuo bei anayolipa mnunuzi wa Marekani ilikaa kwenye dola 60 kwa kiasi cha miaka kumi na mitano, na mwaka 2020 ilipanda hadi 70. Gharama imepanda mara mbili na mara tatu, bei imepanda kwa sehemu moja ya sita.

Mchezo huo wa Black Ops uliuza nakala milioni 30, na wenye kampuni hawakulala njaa. Lakini hapa ndipo afisa wa Serikali anapotakiwa asimame afikiri. Kampuni yenye michezo kumi inaweza kuvumilia hasara ya mmoja, kwani tisa iliyobaki itaufukia. Mwaka 2024 Sony walitoa mchezo uitwao Concord tarehe 23 Agosti, baada ya kazi ya miaka mingi. Wanunuzi hawakuutaka. Tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu baadaye, ukaondolewa na wateja wakarudishiwa fedha zao, na mwezi Oktoba studio iliyoutengeneza ikafungwa. Sony wangali wapo. Je, serikali ndogo iliyoweka dhamana yake juu ya mchezo mmoja ingekuwa wapi?

Liko jambo jingine ambalo wakopeshaji wa mabenki, waliozoea majengo na mashamba, hulisahau. Mtu akiishiwa fedha nusu ya ujenzi wa nyumba, mawe na kiwanja vinabaki. Jahazi lililokomea kwenye mataruma linaweza kununuliwa na fundi mwingine akalimaliza. Hata mkarafuu, ambao huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, ukitelekezwa katika mwaka wa nne bado ni mti uliomo ardhini. Nusu ya mchezo wa video si nusu ya kitu. Ni mafaili ambayo waliyoyaandika ndio wanaoyaelewa, na mara mishahara inapokatika watu hao hutawanyika katika miji mingine na akili zao wameondoka nazo. Mkopeshaji anayekuja kukamata mali ya mdaiwa hukuta viti na kompyuta.

Sasa twende Rhode Island. Hilo ndilo jimbo dogo kabisa katika Marekani yote. Ardhi yake haipishani sana kwa ukubwa na ya Unguja na Pemba kwa pamoja, na watu wake, kwa hesabu ya mwaka 2010, walikuwa kiasi cha milioni moja na elfu hamsini. Sisi, kwa sensa ya mwaka 2022, tulikuwa 1,889,773. Viwanda vyake vya zamani vilikuwa vimekufa, na mwaka 2010 zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi wenye kutaka kazi alikuwa hana kazi. Hali kama hiyo humfanya kiongozi yeyote asikilize kila mwenye neno la matumaini.

Aliyekuja alikuwa Curt Schilling, mchezaji mashuhuri wa besiboli wa timu ya Boston Red Sox, aliyeheshimiwa mno katika sehemu zile. Baada ya kustaafu uwanjani alikuwa na studio yake ya michezo ya video, 38 Studios, iliyopewa namba ya jezi yake, nayo ilikuwa katika jimbo jirani la Massachusetts. Alitaka kutengeneza dunia kubwa ya kubuni, ambamo maelfu ya wachezaji wangeingia kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Ndani ya studio kazi hiyo iliitwa Copernicus. Hakuna aina ya mchezo iliyo ghali kuliko hiyo, kwa kuwa haina mwisho. Hata baada ya kutoka huhitaji watu wa kuihudumia usiku na mchana. Alikuwa amekwisha kuwaendea wenye mitaji wa Boston, watu ambao kazi yao ni kubahatisha kwa fedha zao, nao hawakuingia. Kukataa kwao kulikuwa ni ushauri wa bure, na kwa maoni yetu ulikuwa ndio ushauri bora uliopatikana katika mkasa huu mzima.

Shirika la maendeleo ya uchumi la Rhode Island liliona vingine. Katika mwaka 2010 baraza la kutunga sheria lilikuwa limeidhinisha mpango wa dhamana wa dola milioni 125 kwa ajili ya kuongeza ajira. Zaidi ya nusu yake, milioni 75, ikapewa kampuni hii moja, kwa sharti la kuhamia mji mkuu wa Providence na kuleta ajira 450 hadi mwisho wa mwaka 2012. Hiyo ni zaidi ya dola 70 kwa kila mkazi wa jimbo, mtoto mchanga akihesabiwa. Gavana aliyekuwa akiondoka, Donald Carcieri, aliunga mkono. Lincoln Chafee, aliyekuwa akigombea nafasi yake, alipinga, na akachaguliwa. Hati za mkopo zikauzwa Novemba mwaka huohuo, na Januari 2011 yeye aliyepinga ndiye aliyekabidhiwa deni.

Twaomba msomaji aitazame kwa makini hesabu inayofuata, kwani ndiyo kiini cha makala haya. Kampuni ilikuwa imelieleza shirika la jimbo na benki kwamba ilihitaji angalau dola milioni 75 ili kuukamilisha mchezo wake. Mkopo ulikuwa wa milioni 75, na masikioni mwa mtu asiye mhasibu jambo lilionekana limetimia. Lakini kwenye mkopo huo zilikatwa fedha za akiba ya kulipia riba na ada za waliouandaa, na kilichobaki kwa ajili ya kampuni kilikuwa kiasi cha milioni 50. Palikuwa na pengo la milioni 25 tangu siku ya kwanza, na waliolifahamu hawakuwaambia walionunua hatifungani. Haya si maneno yetu: ndiyo mashtaka yaliyofunguliwa na tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji, mwaka 2016, dhidi ya shirika hilo na benki iliyouza hati.

Studio ilipofikia ukubwa wake kamili ilikuwa na watu karibu 400, ukiwahesabu na wale wa tawi lake la Maryland, na ikitumia zaidi ya dola milioni 4 kwa mwezi. Kanuni ya dola elfu kumi kwa kichwa, ile tuliyoieleza juu, yatoa jawabu lilelile. Milioni 50 zikigawanywa kwa milioni 4 ni miezi kumi na miwili na nusu. Hapo haihitaji utabiri.

Tawi la Maryland lilikuwa na mchezo wake, Kingdoms of Amalur: Reckoning, uliogharamiwa na mchapishaji mwingine na kutoka Februari 2012. Uliuza zaidi ya nakala milioni moja katika miezi mitatu, na wengi wangeita hayo mafanikio. Gavana Chafee alieleza baadaye kwamba ulitakiwa kuuza milioni tatu ndipo gharama zirudi. Tarehe 1 Mei studio ikashindwa kulipa dola milioni 1.125 ilizodaiwa na jimbo. Katikati ya mwezi mishahara haikutoka. Tarehe 24 Mei wafanyakazi wote waliachishwa, na tarehe 7 Juni kampuni ikaomba kufilisiwa, ikiwa na madeni ya zaidi ya dola milioni 150. Copernicus, kwa tarehe aliyoitaja gavana, ulikuwa utoke Juni 2013. Kwa kasi ileile ya matumizi, tukipiga hesabu wenyewe, zilikuwa zinatakiwa dola milioni 50 nyingine kabla ya mtu wa kwanza kununua nakala.

Wafanyakazi hatupendi kuwapita kwa neno moja. Wengi walikuwa wamezihamisha familia zao kutoka Massachusetts kwa kuambiwa kwamba kampuni itachukua jukumu la nyumba walizoziacha mpaka ziuzwe. Baada ya kampuni kuanguka, baadhi yao waligundua kwamba nyumba hazikuwa zimeuzwa na kwamba mabenki yangali yakiwadai. Mtu alikuwa hana mshahara, anayo pango ya mji mpya na deni la mji wa zamani. Tunapozungumza juu ya ajira 450 zilizoahidiwa ni vyema tukumbuke kwamba ajira ya mwaka mmoja inayomng'oa mtu kwao yaweza kumwacha akiwa fukara kuliko alivyokuwa.

Kisha likaja suala la deni. Kwa herufi ya sheria, jimbo halikuwa mdaiwa. Hati zilieleza kwamba jimbo lina wajibu wa uadilifu tu, yaani gavana ataliomba baraza la kutunga sheria litenge fedha, nalo lina hiari ya kukataa. Wapo wawakilishi waliosema litumie hiari hiyo. Lakini mashirika yanayopima uaminifu wa wakopaji yalitoa onyo, na ikadhihirika kwamba jimbo likikataa kulipa, kila mkopo wake wa barabara na wa skuli utapanda riba. Likalipa. Pamoja na riba, deni lilikuwa limezidi dola milioni 100. Kwa kesi za miaka minne dhidi ya mawakili, benki na washauri, jimbo lilirejesha kiasi cha dola milioni 61 kufikia mwaka 2017. Zilizobaki zilitoka kwa walipa kodi, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuucheza mchezo wa Copernicus. Viti na kompyuta vilipigwa mnada.

Msomaji mwenye hasira atauliza nani alikula. Jawabu halitampendeza. Polisi wa jimbo na mwanasheria mkuu walichunguza kwa miaka minne, na Julai 2016 wakatangaza kwamba hawakuona sababu ya kumshtaki mtu yeyote kwa jinai. Schilling mwenyewe alisema alipoteza karibu dola milioni 50 za akiba yake. Kumbe hapakuhitajika mwizi. Watu walioamini wanachokisema waliweza, kwa nia safi na sahihi halali, kuifikisha hazina ya umma pahala palepale ambapo mwizi angeifikisha. Nasi twaona jambo hilo ni la kutisha zaidi, kwa sababu dhidi ya mwizi tunavyo vyombo, ila dhidi ya matumaini ya afisa mwaminifu hatuna chombo isipokuwa hesabu.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba serikali nyingine zimefaidika na michezo ya video, na watakuwa wanasema kweli. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza katika miaka ya 1990 kuvisaidia viwanda hivi. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ikafungua studio Montreal mwaka 1997, na leo mji huo ni miongoni mwa vituo vikubwa vya kazi hii duniani. Lakini atazame mtu namna fedha zilivyotoka. Quebec ilirudisha sehemu ya mishahara, hadi asilimia 37.5 kwa miaka mingi, baada ya mishahara hiyo kulipwa na mwajiri mwenyewe kwa wafanyakazi waliokuwa wakifanya kazi humo jimboni. Mwajiri asiyelipa harejeshewi kitu, na mchezo ukianguka hasara ni ya kampuni. Hata hivyo hatusemi kwamba tuige hayo kama yalivyo. Quebec ina hazina kubwa na vyuo vikuu vya miaka mingi, na wapo hukohuko wanaolalamika kwamba fedha hizo zinakwenda kwa matajiri. Tunachosema ni kwamba kurudisha sehemu ya kilicholipwa na kudhamini kisichokuwapo ni mambo mawili mbalimbali, japo yote mawili kwenye karatasi za maombi huitwa kwa jina moja la kuunga mkono sekta.

Sanaa yenyewe, kwa upande mwingine, haidai mamilioni. Mmarekani Eric Barone alikaa miaka minne na nusu akitengeneza peke yake mchezo wa ukulima uitwao Stardew Valley, huku jioni akifanya kazi ya kuwaonyesha watu viti vyao katika ukumbi wa maonyesho. Alichora mwenyewe, akatunga muziki mwenyewe. Ulitoka mwaka 2016, na kufikia mwisho wa mwaka 2024 ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 41, ambazo ni nyingi kuliko zile za Black Ops Cold War. Karibu na kwetu zaidi, mjini Yaoundé, Kamerun, kundi la vijana waliojiita Kiro'o Games walitoa mwaka huohuo mchezo wa Aurion, uliojengwa juu ya hadithi za Kiafrika. Sehemu ya mtaji waliipata kwa kuuza hisa ndogondogo na sehemu kwa mchango wa wapenzi wa michezo wa nchi mbalimbali, uliofikia kiasi cha yuro 50,000. Walifanya kazi hiyo katika mji ambao umeme ulikuwa ukikatika, na hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa visiwani.

Tusidanganyane, Barone ni mmoja kati ya maelfu. Katika mwaka 2024 peke yake zaidi ya michezo mipya 18,000 ilitolewa katika duka la Steam, na iliyo mingi ilipita bila ya kusikika. Kijana wa hapa atakayetengeneza mchezo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutouza kuliko wa kuuza. Lakini kushindwa kwake kutagharimu fedha za mtu mmoja kwa mwaka mmoja au miwili, na mwisho wake atakuwa ni mwandishi wa programu aliyekwisha kukamilisha kazi moja kubwa, ambaye benki, hospitali na mamlaka ya kodi zitamgombania. Dola milioni moja zingeilipia studio ya Providence mishahara ya wiki moja. Dola hizohizo zikigawanywa kwa makundi ishirini, kila kundi lapata elfu hamsini, takriban kile walichochangiwa vijana wa Yaoundé.

Kwa hiyo twapendekeza kwa waheshimiwa wa Wizara ya Fedha na kwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi kwamba msaada wowote wa umma katika kazi hii uwe wa kiasi kidogo kwa kundi, utolewe kwa awamu, na kila awamu ifuate kitu kinachoweza kuchezwa, si picha na maelezo. Wanaoukagua wasiwe maafisa peke yao. Pawekwe na walimu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Taifa, na pawekwe watoto wa skuli wauchezee mbele yao, kwani mtoto hana adabu ya uongo, mchezo usiomfurahisha atauweka chini. Na dhamana ya Serikali kwa mkopo wa kampuni moja, iwe ya mgeni au ya mzalendo, isitolewe kabisa kwa biashara ambayo mali yake yote huondoka ofisini kila jioni kwa miguu yake.

Na kama, juu ya yote hayo, jalada la kampuni kubwa litafika mezani siku moja na wakubwa wakalipenda, basi afisa wa chini atakayepewa kulisoma asianze na picha. Atafute ukurasa wa mishahara, aandike pembeni jumla ya mwezi mmoja na idadi ya miezi iliyobaki mpaka mchezo utoke. Avizidishe. Kisha apige simu benki na kuuliza, baada ya ada na akiba kukatwa, ni fedha kiasi gani hasa zitakazoingia katika mikono ya kampuni. Huko Providence tarakimu zote mbili zilikuwa zinajulikana kabla ya hati ya kwanza kuuzwa: milioni 75 zilihitajika, na milioni 50 ndizo zilizokuwapo.